Jibu kwa mwandishi wa Kisauni: mtoto wa muuza unga anakuaje?

Mwanangu, salamu zimefika, na zile sura ulizonitumia nimezisoma zote, nyengine nimezirudia. Kipaji unacho, hilo nalisema mapema ili haya mengine yasikuvunje moyo. Kwa nyinyi wengine mnaosoma, swali lenyewe ni hili: binti huyu anaandika riwaya ya giza, nyumba iko Kisauni, baba anauza unga, yaani heroini, na mkono wake mwepesi, mama yuko tu hapo ndani, halafu kuna watoto wawili, Mwanaisha wa miaka 15 na mdogo wake Jumaa wa miaka 11 ambaye ndo hadithi yaenda naye. Wenzake waliosoma wamegawanyika. Mmoja kamwambia mtoto wa nyoka ni nyoka, basi Jumaa lazima aishie kuwa jambazi kumshinda babake, mwengine kamwambia la, mtoto aliyeonja mateso hukua mpole akawa mtetezi wa wanyonge. Walichokubaliana wote wawili ni kwamba Jumaa amekaa kama sanamu. Sasa auliza nani ana haki, amwandike vipi mpaka msomaji aamini, na kule chini kabisa, kama mtu aliyeona haya kuuliza, auliza baba afe sura ya mwisho ama asife.

Mimi kazi yangu ni ukaunsela wa watoto na familia hapa Mombasa na miswada ya watu naisoma kwa mapenzi tu, kwa hivyo swali hili limenipata pande zote mbili.

Tuanze na nyoka, maana hilo ni rahisi. Marekani kuna mtafiti, Cathy Spatz Widom, mwaka 1989 alitoa utafiti wa watoto 908 ambao korti ilithibitisha kwamba waliteswa ama walitelekezwa wakiwa wadogo, akawalinganisha na wengine 667 wa umri na hali kama zao ambao hawakuwa na kesi hizo. Akatazama rekodi za polisi, nani alikamatwa akiwa bado mtoto. Walioteswa walikuwa 26 katika kila 100, wale wengine 17 katika kila 100. Sasa hebu zitazame hizo namba vizuri. Rafikiyo wa nyoka ataona 26 ni zaidi ya 17 na atasema si niliwaambia, lakini hao 74 waliobaki je? Hao hawakukamatwa utotoni kabisa. Na huko London ya kusini kuna utafiti ulioanza 1961 na wavulana 411, wakafuatwa miaka na miaka mpaka wakawa watu wazima wenye watoto wao, na kilichowashangaza ni kuwa familia chache mno ndizo zilizobeba karibu nusu ya hukumu zote, yaani uhalifu kweli wakaa ndani ya nyumba fulani ukapita kwa baba na kwa kaka. Kwa hivyo nyumba ina uzito wake, mkubwa tena, lakini haitoi hukumu. Kwa mwandishi maana yake ni moja: huwezi kusema Jumaa amekuwa hivi kwa sababu ni mtoto wa fulani ukaondoka zako. Lazima utuoneshe alipitishwa mlango gani, siku gani, na nani alimshika mkono.

Na malaika pia mtoe. Mtoto aliyekulia kwenye kipigo cha mkanda anaweza kuwa mpole, ndio, lakini mara nyingi upole wake una hofu ndani yake, akikupa kitu akutazama usoni kwanza kuona umefurahi ama vipi. Huo si utakatifu mwanangu, huyo ni mtoto anayenunua amani.

Sasa tuje kwenye sanamu, ndo penye kazi.

Shida ya Jumaa wako ni kwamba anajua sana. Kutoka ukurasa wa kwanza ashajua babake ni mtu mbaya, ashajua unga ni haramu, ashajua mamake anaonewa, yaani amebeba akili yako wewe mwandishi ukaivisha kaptula ya shule. Mtoto aliyezaliwa ndani ya nyumba ile haoni uovu, yeye anaona kwao. Wewe ulipokuwa mdogo ulijua kwamba harufu ya nyumba yenu ni harufu? Si ulijua tu siku uliporudi kutoka kwa watu.

Chukua ile sehemu ya sura ya pili, Jumaa anaingia ndani anamkuta Mwanaisha mezani anafunga kete za unga, na wewe umeandika "moyo wake ulijaa simanzi kwa uovu ule uliotanda nyumbani mwao". Hakuna mtoto wa miaka 11 mwenye simanzi ya aina hio. Anachokiona Jumaa ni kwamba meza imechukuliwa na yeye ana hesabu za shule za kesho, na feni imezimwa kwa ajili ya hio kazi ya dadake kwa hivyo joto lamuua, na akimwambia dada nipishe ataambiwa kaa chini sakafuni huko. Basi atakaa sakafuni. Ataweka daftari juu ya mkeka, penseli itakuwa yatoboa karatasi kwa sababu mkeka una mabonde, na atamuuliza Mwanaisha saba mara nane ni ngapi, na Mwanaisha bila kuinua kichwa wala kusimamisha mikono atamjibu hamsini na sita. Basi, ishie hapo. Usiseme neno la huzuni. Msomaji ataumia mwenyewe, na ataumia zaidi kwa sababu wao wawili hawaumii.

Hilo likikaa, mengine yatafuata, lakini kuna kitu umekiruka kabisa nacho ni wosia wa nyumba. Kila nyumba hapa kwetu ina wosia, usile kwa mkono wa kushoto, mgeni akija toka umsalimie, mkubwa haitwi jina. Nyumba ya jambazi nayo ina wosia wake na mtoto anaufundishwa kwa sauti ileile ya upole. Funzo la kwanza kabisa huwa ni jinsi ya kujibu. Siku ya fomu ya shule, pale pameandikwa kazi ya mzazi, mama ndo atakayemwambia, kwa utaratibu huku anamfunga kifungo cha shati, "Ukiulizwa sema baba anauza magari". Mtoto wa miaka 6 anajifunza kwamba kuna maneno ya ndani na maneno ya nje, na kwamba kuchanganya ni khatari, na anajifunza bila mtu kumwambia kwa nini. Mtoto huyo akifika kwangu ofisini, akiwa na miaka 13 labda, aweza kuongea na mimi saa nzima, mcheshi, ana adabu, na akitoka nagundua hajaniambia kitu chochote. Wakubwa huwa wanafikiri mtoto wa nyumba kama hizo ni mkimya. Wapi! Wengi wao wanaongea vizuri sana.

Halafu kuna maneno ya kujitetea. Mwaka 1957 wasomi wawili wa Marekani, Gresham Sykes na David Matza, waliandika kuhusu vile wahalifu wanavyojisafisha kabla na baada ya tendo, wakaona watu hawa si kwamba hawajui jema na baya, wanajua, ila wana maneno ya kujiondolea lawama. Usiyaweke hayo kama nadharia, yatie mdomoni mwa mama wakati anakaanga mahamri. "Sisi hatujamshika mtu tukamlazimisha." "Wasipopata kwetu watapata kwengine." "Hao mateja washajifia kitambo, hata ungewapa maziwa." "Hao karao wenyewe ndo wezi wakubwa, si kila wiki waja hapa kuchukua yao." Na lile la mwisho, ndo zito kushinda yote: "Babako haya yote afanya kwa ajili yenu." Hebu fikiria mtoto anayeambiwa hivo. Viatu alivyovaa, karo, ile baiskeli, vyote vimegeuka deni, na yeye amekuwa mshirika kabla hajabaleghe. Ukitaka kuonesha vile nyumba inavyomfinyanga mtoto sentensi hio moja ina kazi kuliko sura nzima ya mkanda.

Baba sasa. Baba yako wa riwaya anapiga kelele kurasa zote, hajacheka hata mara moja, hajala, hajaugua, hana wimbo aupendao. Huyo ni jini la kwenye filamu. Mwanamume wa aina hio mtaani kwetu mara nyingi ni mtu apendwaye, ndiye aliyelipia jirani hospitali, ndiye anayechinja Idi akagawa mpaka nyumba ya nane, akipita barazani watu wanasimama kumpa mkono. Mtoto anayaona hayo. Usiku anaona yale mengine. Na babu zetu na mashekhe na waalimu wote wamemwambia mzazi ni mzazi. Sasa atafanya nini na vitu viwili hivi?

Kuna daktari mmoja wa Scotland, Ronald Fairbairn, alifanya kazi na watoto walioteswa, na mwaka 1943 akaandika jambo ambalo mimi naliona kila siku kazini: mtoto akipewa achague kati ya mzazi mbaya na yeye mwenyewe kuwa mbaya, atachagua yeye kuwa mbaya. Sababu ukiifikiria ina akili. Kama baba ndiye mbaya basi dunia yote imekwisha, hakuna pa kukimbilia. Lakini kama mbaya ni mimi Jumaa, basi kuna matumaini, nitajirekebisha, kesho nitafunga mlango polepole na sitapigwa. Kwa hivyo baada ya kipigo usituoneshe Jumaa anamchukia babake. Tuoneshe anatafuta kosa lake. Anarudia ile jioni kichwani, ni vile viatu nilivyoviacha mlangoni, la, ni vile nilichelewa kuitika, la, ni lile jicho nililomtupia. Anatafuta mpaka alipate, na akilipata analala.

Halafu asubuhi baba analeta viazi karai, bado vya moto, na ukwaju kando, anamketisha karibu yake, anamwambia kula mwanangu wewe ndo mwanamume wa nyumba hii. Na Jumaa anafurahi. Anafurahi kweli, hajifanyi, huo ndo wakati bora wa wiki yake nzima, na hapa ndo pa kumtisha msomaji. Usiiandike furaha hio kwa kejeli, iandike kama furaha. Ulezi wa aina hio haumshiki mtoto kwa mkanda peke yake, mkanda ungemfukuza. Unamshika kwa hivyo viazi, na kwa sababu havijulikani vitakuja lini, mtoto anashinda anavingoja.

Kuhusu mwili wake. Wewe umeandika "Jumaa aliogopa" mara nyingi sana. Acha. Chuo kikuu cha Wisconsin kuna mtafiti, Seth Pollak, na mwenzake mwaka 2002 walionesha watoto picha za nyuso ambazo zaanza zikiwa na ukungu halafu zasafika kidogo kidogo, wakaona watoto waliopigwa na wazazi wao waliitambua hasira mapema kuliko wenzao, picha ikiwa bado haijaeleweka vizuri. Sasa hio ni zawadi kwa mwandishi. Jumaa ajue sauti ya pikipiki ya baba kutoka za watu wengine ikiwa bado iko kule kwenye lami. Ajue kama geti limesukumwa kwa mguu ama kwa mkono. Funguo zikitupwa mezani ni kitu kimoja, zikiwekwa ni kitu chengine, na zikikaa mfukoni ndo mbaya zaidi kwa sababu ina maana anatoka tena na hajapata alichokuwa akitafuta. Kabla baba hajavua kofia mtoto ashajua usiku huu utakuwa vipi, ashazima televisheni, ashamtolea dadake macho, na dadake ashafunika sufuria.

Lakini angalia usimfanye mpelelezi hodari. Uhodari huo unamuharibia kwengine. Akiwa shule mwalimu kakunja uso kwa sababu ya jua tu na Jumaa anaona hasira, mtoto mwenzake kamkanyaga kwa bahati mbaya na yeye ngumi ishatoka, halafu anaitwa mtundu, anaitwa na mzazi, na mzazi ni nani, ni yule yule. Ama analala darasani kwa sababu usiku alikuwa macho. Shule zetu, samahani walimu, huyo mtoto zinamwita mvivu.

Mwanaisha umemwonea. Umemfanya kivuli cha kupita na sinia. Nyumba moja haitengenezi mtoto mmoja mara mbili, kila mtoto anapata kazi yake bila mkutano: kuna yule mpendwa wa baba, kuna wa kupigwa badala ya wengine, kuna mwenye mzaha wa kupoza hali, na msichana wa kwanza, ah, huyo karibu kila mara anakuwa mama. Ndiye anayejua dawa ya kifua ya mdogo wake iko wapi, ndiye anayehesabu pesa, ndiye anayesimama katikati. Na siku atakapotaka kuolewa ama kwenda chuo akatoke pale, mdogo wake ataona amesalitiwa, na yeye mwenyewe ataona ametoroka vitani. Hadithi hio peke yake ni kitabu. Mimi ningekuwa wewe ningempa sura tatu zake mwenyewe.

Na Jumaa kuanguka kwake kusianze na kulazimishwa. Kuanze na heshima. Siku baba anamwambia leo twende wote, akamkalisha kiti cha mbele, wakavuka na feri mpaka Likoni, baba akamnunulia kachiri, akamwachia bahasha ashike "ushike vizuri, mimi mikono imejaa". Mikono haikuwa imejaa. Jumaa anajua haikuwa imejaa. Mtoto yeyote anayetafuta kupendwa atashika bahasha. Mara ya pili atapeleka mwenyewe. Kufika mara ya tano ana wenzake walioanza kumuogopa, na kuogopwa, kwa mtoto aliyekuwa anaogopa usiku na mchana, kuna utamu wake, usikatae kuuandika.

Mama nilimuacha makusudi, kwa sababu wewe mwenyewe umemuacha. Analia tu. Wanawake wa nyumba hizo nawajua, na kulia ni sehemu ndogo ya siku yao. Wanapiga hesabu. Pesa za kuficha ziko ndani ya mfuko wa mchele, kwao walisharudi mara moja wakaambiwa vumilia, mume ndo huyo, una watoto. Anaonewa na pia anakula ile pesa, anajua unga waenda kwa watoto wa wenzake na pia anautia kwenye mifuko midogo wakati mwengine. Usituchagulie, mwache awe vyote. Kuna jambo moja nililolisikia kwa zaidi ya mtoto mmoja na litakusaidia: mama anayempiga mtoto yeye kwanza, kofi mbili tatu na makelele mengi, pale anaposikia baba anaingia, ili baba akute mtoto ashapigwa na asiongeze. Ni mapenzi hayo. Mtoto anakumbuka kofi, sababu ataijua akifika miaka 30, ama asijue abadan.

Mambo ya mji. Umeandika kama vile unga umeanza jana. Pwani hii heroini ilianza kuzoeleka miaka ya themanini, kwa hivyo baba wa Jumaa, kama ana miaka arubaini na kitu, alikua nayo, aliwaona kaka zake wakubwa wakikondea maskani. Na tangu 2015 kuna kliniki ya methadone, ile dawa inayotolewa badala ya heroini, huko Malindi, na baadaye ikaja Kisauni yenyewe, ambako mateja wanaenda kila siku kunywa dawa. Baba anaionaje hio? Wateja wake wanapungua. Kuna tukio hapo.

Na najua kila mtu akisoma kitabu chako atasema ni ile familia. Basi tuiseme, kwa sababu iko kwenye magazeti na kwenye rekodi za mahakama: Ibrahim Akasha mzee aliuawa kwa risasi Amsterdam mwaka 2000, wanawe wawili wakapelekwa Marekani Januari 2017, Baktash akahukumiwa New York miaka 25 mwaka 2019 kwa biashara ya dawa za kulevya, na nduguye Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Baba, halafu wana. Rafikiyo wa nyoka atafurahi tena. Ushauri wangu ni usiiguse. Kuna jamaa zao wanaishi humu mjini na hawakuhukumiwa kwa lolote, hilo la kwanza, na la pili gazeti linakupa uwanja wa ndege na pingu na korti, halikupi chakula cha usiku. Riwaya yako iko kwenye chakula cha usiku. Baba wako mfanye mdogo, muuzaji wa mtaa tu, mwenye bosi anayemuogopa yeye pia, na siku bosi amemdhalilisha mbele ya Jumaa, hio ndo siku ya kipigo kikubwa.

Kipigo chenyewe usikioneshe chote, onesha kimoja tu vizuri na vyengine tusikie kutoka chumba cha pili, ama tuone asubuhi yake. Na kile kidokezo ulichoweka cha huyo mjomba kuingia chumba cha Mwanaisha, mimi nakwambia usikiandike kitendo, hata kwa mbali. Andika vile kitasa kilivyobadilishwa, andika vile Mwanaisha alivyoanza kulala amevaa buibui. Inatosha, na kuna wasomaji wako ambao hayo kwao si hadithi. Kama kuna mtoto anayesoma hapa na nyumbani kwao ndo hivi, namba ni 116, Childline Kenya, hulipi kitu kupiga.

Umeniletea pia askari mwema sura ya kumi na mbili anayemuokoa Jumaa na kumpeleka kusoma Nairobi. Mtoe leo hii. Watoto wanaonusurika kweli hawaokolewi hivo. Kisiwa cha Kauai kule Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa 1955, na katika wale waliokuwa kwenye hali mbaya kabisa, umasikini, ugomvi, ulevi nyumbani, karibu thuluthi moja walikua watu wazima walio sawa. Wengi wao walikuwa na kitu kimoja, mtu mzima hata mmoja aliyekuwa anawajali na hakuondoka. Bibi, jirani, mwalimu. Hakuwa tajiri, hakumpiga baba, hakuita polisi. Mpe Jumaa maalimu wa chuo cha Kurani aliyechoka, mwenye kikohozi, ambaye kila siku anamuuliza "umekula?" na kila siku anangoja jibu. Inatosha kabisa. Na hata hivo usimfanye amuokoe Jumaa, mfanye tu Jumaa awe na mtu mmoja ambaye kumdanganya kunamuuma.

Sasa kosa la sheria, na hili litakupendeza. Sura ya tisa Jumaa anakamatwa na bahasha anapelekwa kortini anafungwa. Ana miaka 11. Sheria ya Watoto ya 2022 imesema aliye chini ya miaka 12 hana hatia ya jinai, na aliye chini ya 14 anachukuliwa kwamba hajui kutofautisha jema na baya mpaka korti ioneshwe ushahidi wa kinyume. Zamani umri ulikuwa miaka 8. Kwa hivyo kama hadithi yako ni ya miaka hii, Jumaa hafungwi, atachukuliwa kama mtoto anayehitaji ulinzi. Lakini hebu fikiria upande wa pili, nani mwengine anaijua sheria hii? Baba. Wakili wake kamwambia. Ndo maana bahasha anabeba Jumaa wala habebi Mwanaisha. Kumbe kile kiti cha mbele, zile kachiri, ule uanaume wa nyumba, vyote vilikuwa na tarehe ya mwisho, na tarehe yenyewe ni siku ya kuzaliwa kwake. Mwaka wote mtoto anaingoja hio siku kwa hamu. Akifika 12 baba haendi naye tena, anaanza kumtazama mtoto wa jirani mwenye miaka 9, anamwambia kijana njoo, wewe mwanamume. Na Jumaa ataona wivu. Weka wivu huo katikati ya kitabu na hutahitaji kumtafutia sababu ya lolote atakalofanya baada yake.

La mwisho, baba afe ama asife. Afe, lakini asife sura ya mwisho. Ukimuua mwisho umempa msomaji haki ya bure na umejiondolea kazi. Muue baada ya wivu ule, hata kwa jambo la kijinga, presha, ajali ya Mtwapa, kisha tupe matanga yenye watu mpaka barabarani wakisimulia wema wake, na wema wenyewe ni wa kweli. Jumaa alie, alie kwa kumtaka babake. Mama azitoe zile pesa za kwenye mchele. Wadeni waje, bosi aje kutoa rambirambi na kutazama nani amekaa wapi, na wale mateja waje getini jioni kama kawaida kwa sababu wao hawana pengine pa kwenda, na mtu mmoja kati ya wale watatu waliobaki lazima atoke nje akawajibu. Nani atatoka, mimi sikuchagulii, lakini sura zako tano za mwisho ni hizo. Za sasa zifute, kisha unitumie sura ya pili ikiwa na meza na hesabu.